Fundi wa Maabara na Neno "Hawakuonekana"

Ndugu msikilizaji, ukitembea kwa miguu kutoka Soko la Karume hapa Mchikichini kwenda Kariakoo, utapita vibao kadhaa vya maabara kabla hujafika katikati ya soko. Maneno yake karibu ni yale yale: tunapima malaria, homa ya matumbo, mkojo, sukari na mimba. Sisi wakazi tumekwisha kuvizoea. Mtu akiamka na homa hupita kupima damu kama anavyopita kununua vocha, kisha anarudi na taarifa: nimekutwa na wadudu wawili. Mwenzake humpoza: wewe una nafuu, mimi mwezi uliopita walikuwa watano.

Hao wadudu wawili ndio walionifanya nichague mada ya wiki hii. Jirani yangu ana binti anayesomea maabara, yuko mwaka wa pili. Jumamosi moja nilimwuliza: "Mwanangu, hivi hawa wadudu mnawahesabu vipi hata mkawapata wawili tu?" Akacheka sana. "Baba, si wawili mwili mzima," akasema, akaomba karatasi na kalamu.

Alinifafanulia hivi. Fundi hutandaza tone la damu kwenye kioo, akalipaka dawa ya rangi, akaliweka chini ya hadubini. Anahesabu wadudu wa malaria huku akihesabu na chembe nyeupe za damu. Chembe nyeupe zikifika 200 anaacha, na idadi ya wadudu aliowaona ndiyo anayoandika. Hukadiriwa kwamba mtu ana chembe nyeupe 8,000 katika mikrolita moja, yaani sehemu moja ya elfu ya mililita. Basi mdudu mmoja katika hesabu hiyo ni sawa na 40 katika mikrolita, na wawili ni 80. Mtu mzima mwenye lita 5 za damu, kwa makadirio hayo, anatembea na wadudu milioni 400. Hao ndio tunaowaita wawili! Maabara nyingine huandika alama za kujumlisha. Alama mbili maana yake fundi ameona wadudu kati ya 11 na 100 baada ya kutazama maeneo 100 ya kioo, moja moja.

Nikamwuliza ni lipi lililo gumu zaidi katika masomo yake. Nilidhani atataja kemia. Akasema ni kuandika "hawakuonekana". Kuandika kwamba wameonekana ni rahisi, kwa sababu ukishamwona mmoja na ukamtambua, jibu unalo. Lakini kabla ya kuandika kwamba hawakuonekana, sharti utazame maeneo yote 100, jicho likiuma na foleni ikinung'unika nje. Na hata hapo huandiki kwamba hawapo. Unaandika kwamba umetazama kama inavyopasa na hukuwaona.

Nimelitafakari jibu la binti yule, na naona sehemu kubwa ya historia ya maabara katika nchi yetu inaweza kusimuliwa kwa neno hilo moja. Ni historia ya nani aliyekuwa na ruhusa ya kusema kuna ugonjwa au hakuna, na akisema, je, anasadikiwa?

Hapa Dar es Salaam historia hiyo inaanzia ufukweni. Wajerumani walikamilisha hospitali yao ya Ocean Road mwaka 1897. Mwaka huo huo alifika Robert Koch, yule daktari ambaye mwaka 1882 aligundua kidudu cha kifua kikuu. Alikaa katika koloni hili hadi mwaka 1898, akichunguza malaria na maradhi mengine ya watu na mifugo. Alirudi tena mwaka 1905, akathibitisha kwamba homa ya papasi huletwa na papasi wenyewe, wale wanaojificha katika sakafu za udongo. Mwaka huo huo alipewa tuzo ya Nobel.

Miaka ile ya 1895 hadi 1898 alikuwapo pia katika koloni hili mfamasia mmoja wa Kijerumani, Gustav Giemsa. Aliporudi kwao alifanya kazi Hamburg, na mwaka 1904 akatangaza mchanganyiko wa dawa ya rangi unaoonyesha kiini cha mdudu wa malaria kwa rangi nyekundu na mwili wake kwa buluu. Hadi leo mchanganyiko huo unaitwa Giemsa. Mwanafunzi wa maabara wa Muhimbili anapoumimina juu ya kioo asubuhi, analitaja jina la mtu aliyewahi kuuza dawa katika nchi hii zaidi ya miaka 120 iliyopita.

Mwaka 1901 daktari mwingine, Ollwig, aliletwa Dar es Salaam kuujaribu mpango wa Koch. Mpango ulikuwa hivi: usihangaike na mbu, pima damu za wakazi wa mji, na kila atakayekutwa na wadudu apewe kwinini mpaka awe safi. Maelfu ya vioo yakahitajika. Kazi ilikuwa kubwa kuliko watu wake, na malaria haikuondoka mjini. Lakini tazama jambo moja. Mpango mzima ulisimama juu ya kioo. Aliyesomwa kwamba anao alimeza kwinini chungu, na aliyesomwa kwamba hanao aliachwa aende zake. Majina ya madaktari wale tunayo, mengine hata kwenye chupa. Ya vijana walioshika mikono ya watoto waliokuwa wakichomwa vidole, na walioosha vioo jioni, hatuyasikii.

Waingereza walipoichukua nchi, kijana wa Kiafrika aliyeingia maabara aliingia kama msaidizi. Alijifunza kwa kutazama na kuiga, chini ya mkubwa wake. Aliweza kuwa na jicho kali kuliko bwana mkubwa, lakini kauli ya mwisho haikuwa yake. Tulipopata uhuru mwaka 1961 inasemekana madaktari wazalendo walikuwa 12 tu. Ikiwa madaktari walikuwa 12, fikiria mwenyewe maabara zilikuwaje.

Hatua zilizofuata zilikwenda haraka. Hospitali ya Princess Margaret, iliyofunguliwa mwaka 1956, ndiyo iliyokuja kuwa Muhimbili, na Shule ya Udaktari ya Dar es Salaam ilianza hapo mwaka 1963. Baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967 serikali ikaelekeza nguvu vijijini, zikajengwa zahanati na vituo vya afya. Palihitajika wasaidizi wa maabara na mafundi sanifu wengi, na vyuo vikaanza kuwatoa. Hata hivyo zahanati nyingi zilibaki bila hadubini. Kwa hiyo ukawekwa utaratibu uliokuwa na maana kwa wakati wake: mtoto mwenye homa ahesabiwe kuwa ana malaria, apewe klorokwini. Dawa ilikuwa rahisi na ilikuwa ikifanya kazi. Kubahatisha hakukuwa na gharama kubwa. Ndipo taifa zima likazoea kwamba homa ni malaria, na mazoea yana taabu.

Wakati huo huo, ugonjwa mwingine ulitufundisha kinyume chake. Mwaka 1977 Tanzania ilianzisha mpango wa taifa wa kifua kikuu na ukoma, kwa msaada wa daktari Karel Styblo na shirika la kimataifa la kupambana na kifua kikuu. Styblo hakutaka mashine za gharama. Alitaka kila wilaya iwe na hadubini, na mtu aliyefundishwa kupaka makohozi rangi na kuyatazama. Mgonjwa alileta makohozi mara tatu, moja yakiwa ya alfajiri. Vidudu vya kifua kikuu vikiwapo huonekana kama vijiti vyekundu kwenye uwanja wa buluu. Akikutwa navyo anaanza dawa, na baada ya miezi anapimwa tena kuona kama vimekwisha. Katika miaka ya 1990 Shirika la Afya Duniani liliuchukua mfano huo wa Tanzania, likaupeleka nchi nyingine nyingi. Wengi wetu hatujui kwamba dunia ilijifunza kitu kutoka kwa wasaidizi wa maabara wa wilaya zetu. Na siri yake haikuwa dawa peke yake. Siri ilikuwa kwamba vioo vilivyokwisha kusomwa vilihifadhiwa, msimamizi akaja kuvisoma upya. Fundi alijua kuna jicho la pili litakalopita juu ya kazi yake.

Siku hizi kule Morogoro, katika Chuo Kikuu cha Sokoine, shirika la APOPO linafundisha panya buku kunusa makohozi na kutambua yenye kifua kikuu. Panya hutambua mengine ambayo hadubini ya zahanati imeyapita. Lakini hata panya akishaonyesha, jibu lake halipelekwi kwa mgonjwa mpaka maabara ithibitishe. Panya naye ana msimamizi!

Mwaka 1983 wagonjwa wa kwanza watatu wa Ukimwi waliripotiwa nchini, mkoani Kagera. Mwaka 1985 kipimo cha kwanza cha virusi vyake kikaidhinishwa huko Marekani, na kikaanza kusambaa duniani. Kuanzia hapo fundi wa maabara akabeba mzigo ambao waliomtangulia hawakuujua. Karatasi yake iliweza kuvunja ndoa, kumfukuzisha mtu kazi au kumnyima mchumba. Chupa ya damu aliyoipitisha iliingia katika mishipa ya mama aliyetoka kujifungua. Ndiyo maana ukawekwa utaratibu kwamba kipimo cha kwanza kikionyesha virusi, kisitangazwe mpaka cha pili kikubaliane nacho.

Sasa turudi kwenye vibao vya mtaani. Sheria ya mwaka 1977 ilikuwa imezuia watu binafsi kuendesha tiba kwa biashara. Mwaka 1991 ikalegezwa, na zahanati na maabara za watu binafsi zikaota kama uyoga wa masika. Mwaka 1997 zikatungwa sheria mbili, moja ya kusimamia maabara binafsi za afya na nyingine ya kuwasajili wataalamu wa maabara. Mwaka 2007 ikaja sheria mpya ya wataalamu hao na baraza lao. Kwa hiyo leo anayekutoboa kidole anatakiwa awe amesoma, amesajiliwa na ana leseni.

Lakini sheria haiondoi kishawishi. Mteja aliyelipa hataki kuambiwa "hawakuonekana". Anahisi amepoteza fedha yake. Mwenye duka la dawa la jirani naye hauzi kitu kwa jibu hilo. Mimi mwenyewe niliwahi kupima katika maabara moja, sitaitaja, nikapewa jibu kabla jasho la kutembea halijakauka. Nilikuwa na wadudu, na nilikuwa na homa ya matumbo pia. Jioni ile ile daktari aliyenipima upya hakuona kimoja wala kingine, ilikuwa mafua makali. Kuhusu homa ya matumbo, wengi hupimwa kwa njia ya Widal, daktari Mfaransa aliyeitangaza mwaka 1896. Kipimo hicho hakimtafuti kidudu chenyewe. Kinatafuta askari wa mwili waliowahi kupigana naye, na askari hao hubaki hata baada ya vita kwisha. Jibu moja la Widal peke yake halitoshi kukuambia unaumwa leo.

Hasara ya mambo haya ilikuja kupimwa waziwazi. Mwaka 2004 watafiti walitoa matokeo kutoka hospitali 10 za kaskazini mashariki mwa nchi yetu. Waliwafuatilia wagonjwa waliolazwa na kutibiwa kwa malaria kali, na vioo vya damu vya wagonjwa 4,474 vikasomwa kwa uangalifu. Waliokutwa na wadudu ni 2,062, chini ya nusu. Wengine wote walitibiwa malaria ambayo haikuonekana katika damu yao.

Nakuomba msikilizaji usikilize vizuri hapa. Katika wale waliokuwa na wadudu kweli, walifariki kama 7 katika kila 100. Katika wale wasiokuwa na wadudu, walifariki 12 katika kila 100. Walikuwa na maradhi mengine, na wengi wao hawakupata dawa za maradhi hayo, kwa sababu kila mtu pale wodini alikwisha kuamua kwamba ni malaria.

Tusikimbilie kuwalaumu madaktari. Daktari aliyezoea kuletewa majibu ya ovyo huacha kuyasadiki, akaandika dawa hata jibu likisema hakuna. Fundi naye akiona jibu lake halifuatwi, kwa nini aumize jicho kutazama maeneo 100? Anatazama 20, anaandika. Daktari anazidi kutomsadiki. Duara hilo lilizunguka kwa miaka mingi, na aliyesagwa katikati ni mgonjwa.

Kilicholivunja kwa sehemu ni gharama. Klorokwini ilishindwa, ikaondolewa mwaka 2001. Dawa ya SP iliyofuata nayo haikudumu, na mwaka 2006 nchi ikachagua dawa mseto. Dawa hizo ni ghali, haziwezi kugawiwa kwa kubahatisha. Vikaja vipimo vya haraka vya kitone kimoja cha damu, na mwaka 2010 Shirika la Afya Duniani likaelekeza kwamba kila anayeshukiwa kuwa na malaria apimwe kwanza. Mwaka 2014 ukatangazwa utafiti wa watoto 1,005 wenye homa, waliochunguzwa hapa Dar es Salaam na Ifakara. Wenye malaria walikuwa kiasi cha mmoja katika kila kumi. Wengi wa waliobaki walikuwa na maradhi ya njia ya hewa. Mwaka huo huo homa ya dengi ilipiga mji wetu, na mtu aliyeng'ang'ania kwamba kila homa ni malaria aliona mwenyewe kwamba sivyo.

Kisha ukaja mwaka 2020. Tarehe 3 Mei, Rais John Magufuli alisema hadharani kwamba sampuli za papai na mbuzi zilipelekwa maabara ya taifa kwa majina ya watu, na baadhi zikarudi na jibu kwamba zina korona. Kesho yake mkuu wa maabara alisimamishwa kazi kupisha uchunguzi. Maneno yalikuwa mengi Kariakoo nzima. Mimi nasema mawili tu. La kwanza, kuijaribu maabara kwa siri si jambo geni. Ni sehemu ya kazi, na maabara nzuri hupelekewa sampuli za majaribio kila mara. La pili, jaribio nalo lina kanuni zake, kwa kuwa kipimo kile kilitengenezwa kwa majimaji ya pua na koo la binadamu, na hakikukusudiwa kwa papai. Kwa vyovyote vile, imani ya watu kwa maabara ilitikisika, na imani hairudishwi kwa tangazo.

Inarudishwa kwa kazi. Mwezi Machi 2023 watu walianza kufa Bukoba kwa ugonjwa usiojulikana. Maabara yetu ya taifa ndiyo iliyosema: ni Marburg. Tarehe 21 Machi ikatangazwa, waliokutana na wagonjwa wakafuatiliwa, na baada ya vifo 6 ugonjwa ukakoma. Tarehe 2 Juni mlipuko ukatangazwa kwisha. Mwaka 2025 ulipotokea tena mkoani Kagera, maabara inayohamishika iliyokuwa huko huko ilitoa jibu, na Dar es Salaam ikathibitisha. Miaka 120 nyuma sampuli kama zile zingesubiri meli ya kwenda Ulaya.

Ndugu msikilizaji, vijana wengi wanaomaliza kidato cha nne na ufaulu wa sayansi wanaichagua kazi hii. Wanasoma miaka 3 kupata stashahada, na wengine wanaendelea hadi shahada. Utawaona pale Karume wakichagua makoti meupe ya mtumba. Wazazi hujinyima kuwalipia. Ni kazi nzuri. Lakini mzazi ajue kwamba mwanawe hafundishwi kubonyeza mashine tu. Anafundishwa kukaa peke yake na kioo, ambapo hakuna anayemwona, na kuandika alichokiona, si kile ambacho mteja, daktari au mwenye maabara anatamani.

Kwa hiyo nina maombi matatu. Wenye vyuo, wapeni wanafunzi hadubini na vioo vya kutosha. Jicho halifundishwi kwa picha za kwenye daftari. Wenye maabara na wakaguzi, fanyeni kama mpango wa kifua kikuu ulivyofanya, vioo vihifadhiwe na jicho la pili lipite. Na sisi wateja, tuache kuwanunia watu wanaotuambia ukweli. Ukipewa karatasi iliyoandikwa "hawakuonekana", hujaibiwa. Umelipia macho ya mtu aliyetazama mara 100 kwa ajili yako. Rudi kwa daktari, mwulize: basi kama si malaria, ni nini? Huenda swali hilo likaokoa maisha ya mwanao.

Kwa leo naomba niishie hapa. Wiki ijayo, Mungu akipenda, tutazungumza mengine.